Tairi Likipasuka, Usiishie Kusema Ni Bahati Mbaya

Ajali ikitokea barabara ya Morogoro, maelezo huwa mafupi: tairi lilipasuka. Tunatoa pole, yanaishia hapo. Mimi naendesha Dar–Dodoma mara kwa mara na nimekaa sana kwa mafundi tairi. Matairi mengi yanayoletwa pale yamechanika yalishaonyesha dalili siku nyingi.

Chanzo kikubwa ni upepo. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, linachemka, nyaya za ndani zinaachana na mpira, mwisho linafumuka gari likiwa kwenye mwendo. Kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kiwango cha juu kabisa, usijazie hiyo. Na upime asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi likipata moto kipimo kinapanda.

Matairi ya mtumba ndiyo yananitia hofu zaidi. Yanapakwa dawa yanang'aa, mifereji bado mirefu, unaona umepata. Futa ubavuni utafute neno DOT, kisha soma tarakimu nne za mwisho: 1416 ni wiki ya 14 ya mwaka 2016. Watengenezaji wengi wanasema miaka 10 ndiyo kikomo, hata kama mifereji ipo. Bonyeza mpira kwa kidole gumba. Ukiona nyufa ndogondogo zinafunguka, liache, hata ushushiwe bei vipi.

Halafu kata usukani hadi mwisho, chuchumaa, uangalie upande wa ndani. Alaimenti, yaani namna magurudumu yalivyonyooshwa, ikiwa mbovu, nje tairi linaonekana zima, ndani nyaya ziko wazi.

Trafiki akikukuta na tairi la kipara, yaani lililoisha mifereji, atakuandikia faini ya shilingi 30,000. Hiyo ni nafuu. Mtu akiumia au akifa, mkaguzi wa magari wa polisi analikagua gari, na hali ya tairi inaingia kwenye ripoti. Hapo unazungumza na mahakama. Hata mwenye bima kubwa asijiamini sana: mikataba mingi inakutaka ulitunze gari liwe salama barabarani, na kampuni inaweza kushikilia kipengele hicho kukataa kukulipa.

Spea nayo ikague. Gari nyingi za Japani zinaingia nchini na spea ileile ya kiwandani, haijawahi kugusa lami, lakini umri wake ni sawa na wa gari.