Kudai fidia ya bega lililoumia baada ya chanjo

SWALI: Wakili, shikamoo. Nilikatwa na bati, nikachomwa chanjo ya pepopunda katika zahanati ya serikali huku mkoani Iringa. Tangu usiku ule bega linauma, na huu ni mwezi wa saba siwezi kuinua mkono hata kufunga kilemba. Nasikia Marekani watu hulipwa. Je, naweza kudai?

JIBU: Marahaba. Ni kweli kwamba Marekani ina mfuko wa fidia za chanjo, na tangu 2017 jeraha la bega limo katika jedwali lake, hivyo mdai ambaye maumivu yalimwanza ndani ya saa 48 na kudumu zaidi ya miezi 6 halazimiki kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote. Mfuko huo haukuhusu. Kwa chanjo kama yako, njia iliyopo hapa kwetu ni shauri la madai ya uzembe, ambalo mzigo wa kuthibitisha ni wako.

Kuumia peke yake hakutoshi. Utatakiwa kuonyesha kwamba mhudumu alikiuka utaratibu wa kazi yake, kwa mfano kwa kuchoma juu mno, karibu na kiungo, badala ya kwenye msuli mnene ulio chini ya mfupa wa bega, na kwamba kosa hilo ndilo lililoleta maumivu. Hapa ndipo naona madai mengi yataanguka, kwa sababu bega hukakamaa pia kwa wenye kisukari na hata bila sababu inayojulikana, na upande wa pili hautaacha kulisema hilo. Kwa hiyo muone daktari bingwa wa mifupa mapema, umweleze sindano iliingia wapi na maumivu yalianza lini, na uombe ripoti ya maandishi. Kadi yenye tarehe ya chanjo usiitoe mkononi, toa nakala.

Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3. Kwa kuwa zahanati ni ya serikali, ni lazima kwanza utoe notisi ya siku 90 kwa mamlaka inayoiendesha, pamoja na nakala kwa Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wa Serikali, kisha shauri lifunguliwe Mahakama Kuu, ambayo ina masjala Iringa. Mwanasheria Mkuu asipounganishwa, shauri hukwama kabla bega lako halijazungumziwa.

Wasaidizi wa kisheria wanaweza kukuelekeza bila malipo, lakini hawaruhusiwi kukuwakilisha mahakamani. Notisi hiyo iandikwe na wakili.