Supu ya soseji na makaroni: makaroni yasilale sufuriani

Msomaji mmoja wa Minneapolis ameandika akilalamika. Supu yake ya soseji na makaroni ilikuwa safi saa moja usiku, lakini alipofunua sufuria asubuhi mchuzi ulikuwa umekauka, makaroni yamevimba yakapasuka, na mwiko ukisimama bila kushikwa. Anauliza aongeze maji kiasi gani.

Maji hayatamsaidia. Makaroni hayaachi kunywa mchuzi eti kwa kuwa moto umezimwa. Yakibaki ndani ya supu ya moto yanaendelea kunyonya na kumwaga wanga, na mpaka kuche ni rojo. Ukiongeza maji unapata makaroni yaleyale mabovu, safari hii ndani ya mchuzi usio na ladha. Dawa ni kuyachemsha pembeni na kuyakutanisha na supu kwenye bakuli. Nitayarudia baadaye, maana kosa la makaroni ndilo linaloonekana tu. Lililo kubwa zaidi hufanyika mwanzoni kabisa, kwenye soseji.

Supu hii imeenea sana kwenye majiko ya Wamarekani wenye asili ya Italia, na soseji yake ni mbichi, ya nyama iliyosagwa kwa tundu kubwa. Kanuni za Marekani zinataka soseji inayouzwa kwa jina la Kiitaliano iwe na shamari au anisi, na mafuta yasizidi asilimia 35. Hiyo shamari ndiyo roho ya supu. Soseji nyingi za aina hii ni za nguruwe, kwa hiyo asiyekula nguruwe atafute za bata mzinga, kuku au ng'ombe. Akizikosa, achukue gramu 450 za nyama ya ng'ombe ya kusaga yenye mafuta kama asilimia 20, atie chumvi kijiko kimoja cha chai, shamari zilizopondwa kijiko kimoja na nusu, paprika kijiko kimoja, punje mbili za kitunguu saumu na pilipili ya unga kwa kadiri ya ulimi wake. Ikandwe kwa mkono mpaka ianze kunata, kisha ikae kwenye friji saa moja. Usiruke kukanda. Chumvi na mkono ndivyo vinavyoifanya nyama ishikane, la sivyo utapata chengachenga zinazopotea kwenye mchuzi.

Zile soseji laini za kifungua kinywa hazifai kwa njia hii. Nyama yake imesagwa mpaka ikawa uji, haivunjiki vipande vyenye kingo. Kama uko Njombe au Limuru, ni Julai, baridi inang'ata na dukani kuna hizo tu, zikate vipande vya sentimita moja, zikaange zishike rangi pande zote mbili, ziweke kando, uzirudishe dakika tano za mwisho. Supu italika, ila ile ladha ya nyama kwenye mchuzi itakuwa hafifu.

Sasa kukaanga. Chukua sufuria nzito ya lita 5 au 6. Nyepesi inaunguza katikati huku pembeni kukiwa bado. Chana ngozi ya soseji kwa ncha ya kisu, uivue, umegue nyama vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Tia mafuta kijiko kimoja cha chakula, moto wa wastani ulioelekea kuwa mkali, panga nyama safu moja, halafu ondoa mkono. Dakika tatu hadi nne usikoroge! Hapa ndipo wengi mnapoharibu, na si kwa umaskini wa viungo, ni kwa haraka. Ukikoroga mapema, au ukirundika nyama yote kwa mkupuo, inatoa maji, inachemka kwenye maji yake na kugeuka kijivu. Sikiliza sufuria: mlio ukiwa mkavu na wa kutatarika, rangi inakuja, ukisikia bwatabwata, kuna maji, panua nafasi na uyaache yakauke kwanza. Geuza, ipe dakika nne nyingine, iopoe. Mafuta yakizidi vijiko viwili vya chakula, punguza. Soseji ya kuku au bata mzinga haina mafuta mengi, hiyo ongeza kijiko.

Chini ya sufuria utaona ukoko wa kahawia umegandia. Usiuoshe, ndio mchuzi wenyewe. Ukiwa mweusi na unanuka moshi, huo umeungua. Badilisha sufuria kabla haujaitia supu yote uchungu.

Kwenye mafuta hayohayo tia kitunguu kikubwa kimoja, karoti mbili na mabua mawili ya seleri, vyote vidogovidogo, dakika saba. Kisha punje nne za kitunguu saumu, nusu dakika tu. Kisha vijiko viwili vya chakula vya nyanya nzito ya kopo, ukaange mpaka iache wekundu mkali na kuwa kama tofali. Ukiiacha mbichi, supu itakuwa na ukali wa bati. Mimina kikombe cha supu ya kuku, kwangua ukoko wote kwa mwiko wa mti, halafu tia iliyobaki ifike lita moja na nusu, pamoja na kopo la nyanya la gramu 400. Kama una ganda gumu la jibini ya Parmesan, litumbukize. Moto mdogo, dakika ishirini, itokote taratibu.

Chumvi bado. Soseji ina chumvi, supu ya kopo au ya vidonge ina chumvi, ganda la jibini lina chumvi. Onja mwishoni.

Maharage meupe yawe ya kopo, yamechujwa na kusuuzwa. Ukitumia makavu, yachemshe yaive kabisa kando kwanza, maana uchachu wa nyanya unazuia maganda yasilainike. Ukiyatia mabichi hapa utangoja hadi usiku wa manane. Mboga ya majani inategemea uliyopata. Zile zinazouzwa Marekani kwa jina la collard ndizo zilizo karibu na sukuma wiki yetu, zikate nyembamba uzipe dakika kumi na tano. Kale iliyojikunja, dakika nane. Spinachi ndogo, moja. Rudisha soseji pamoja na maharage, dakika kumi. Mwenye kipimajoto apime kipande kikubwa: nyama ya ng'ombe au nguruwe iliyosagwa ifike nyuzi 71 za Selsiasi, ya kuku au bata mzinga 74. Mwisho kabisa, kijiko kimoja cha siki au maji ya ndimu. Mafuta ya soseji yanalaza ulimi, siki inauamsha.

Wanaopenda krimu watie nusu kikombe moto ukiwa chini kabisa, siki waiache. Nyanya, siki na mchemko mkali pamoja vinaikata krimu ikawa mabonge.

Makaroni: gramu 200 kwa watu sita, yale mafupi ya ditalini (vijineli vidogo) au ya umbo la kombe ndogo, yanayoingia kwenye kijiko bila kuning'inia. Tambi ndefu zivunje vipande vya sentimita tatu. Maji yanayochemka, chumvi gramu kumi kwa lita, na uyatoe dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Chuja, paka mafuta kidogo yasigandane. Weka kiasi kwenye bakuli, mwagia supu ikiwa inachemka, ngoja dakika mbili, yatamalizia kuiva humo. Ni pale tu nyumba imejaa na hakuna kitakachobaki ndipo unaweza kuyatia makavu ndani ya supu, na hapo ongeza nusu lita ya mchuzi.

Iliyobaki igawe kwenye vyombo vifupi ipoe haraka, iingie kwenye friji ndani ya saa mbili, makaroni chombo chake na supu chombo chake. Itadumu siku tatu hadi nne. Kwenye friza, supu peke yake inakaa miezi miwili au mitatu. Makaroni usiyagandishe, chemsha mapya siku ya kula.