Limezimika, limezimwa au limejizima?

SWALI: Mimi ni mhandisi wa programu hapa Westlands, Nairobi. Tunaendesha huduma zetu kwenye klasta ya Kubernetes (kundi la kompyuta zinazosimamiwa pamoja na mfumo huo), na timu imekubaliana kwamba ripoti za zamu ziandikwe kwa Kiswahili. Juzi niliandika, “Kontena la malipo limezimika na kerneli saa nane usiku.” Mwenzangu akafuta, akaandika “limeuwawa na kerneli”. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kila mmoja ameteleza mahali pake, na kosa lako ndilo lenye mengi ya kutufunza. Kwa msomaji mgeni: kontena ni kifurushi ambamo programu huendeshwa, na kerneli ni kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta.

Giza likiingia ghafla mtaani, jirani husema “stima imekatika”. Hamtaji mtu, maana hajui kama ni mvua, nguzo au transfoma. Akisema “stima imekatwa”, hapo unajua kuna fundi aliyefika kwenye mita, na pengine kuna bili. Hiyo ndiyo tofauti ya kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa. Kutendeka hutupa hali ilivyo na kumwacha mtenda nje. Ndiyo maana husikii mtu akisema “stima imekatika na fundi”, na kwa sababu iyo hiyo “limezimika na kerneli” haisimami. Ukishamtaja mtenda kwa “na”, andika “limezimwa”.

Mwenzako naye ameongeza “w”. Kitenzi ni “-ua”, kauli yake ya kutendwa ni “-uawa”, kwa hiyo ni “limeuawa”. Sarufi inalikubali, lakini mimi nachagua “limezimwa”. Kontena lile litawashwa tena muda si mrefu, na kilichouawa hakirudi.

Ili nisikujibu kwa kubahatisha, nilimwomba mpwa wangu, ambaye kazi yake ni kama yako, anionyeshe. Aliandika kubectl describe pod, amri inayoeleza hali ya podi (kifungashio cha kontena moja au zaidi), akashuka hadi kwenye hali ya mwisho ya kontena: sababu OOMKilled, yaani limeuawa kwa kuishiwa kumbukumbu, na msimbo wa kutoka, namba inayobaki programu ikikoma, 137. Akanifafanulia kwamba 137 ni 128 kuongeza 9, na 9 ni ishara ambayo programu haiwezi kuikataa wala kuichelewesha. Kontena lilikuwa limevuka mpaka wake wa kumbukumbu (RAM), kerneli ikalizima.

Hata hivyo, 137 peke yake inatuambia tu kwamba kuna mkono wa nje. Kontena likishindwa ukaguzi wa uhai, ule wa kuona kama bado linafanya kazi, kubelet (wakala wa Kubernetes kwenye kila kompyuta ya klasta) hulitumia kwanza ishara ya 15, ambayo ni ombi la kufunga kazi kwa utaratibu, na kwa kawaida hulingoja sekunde 30. Lisipotoka, hufuata ile 9, na msimbo unaobaki ni 137 ule ule. Basi ukiandika “limezimwa”, soma sababu ili ujue ni nani aliyelizima.

Kuna neno la tatu ambalo ripoti yenu inalihitaji: “limejizima”. Mpwa wangu alinionyesha kontena jingine lenye msimbo 1. Programu iliwaka, ikatafuta nenosiri la hifadhidata, ikalikosa, ikaandika kosa lake kwenye kumbukumbu za matukio na kutoka. Hakuna aliyeigusa. Kiambishi “-ji-” kinamwelekeza msomaji wa zamu inayofuata kwenye programu na mipangilio yake, asipoteze usiku akipekua nodi, yaani kompyuta za klasta.

Halafu kuna CrashLoopBackOff, hali ya kontena linalokoma kila likiwashwa, ambayo wengi huandika “podi inaanguka na kuinuka”. Haijiinui. Kubelet ndiyo inayoliwasha kontena tena, baada ya sekunde 10, kisha 20, kisha 40, hadi kikomo cha dakika 5. Andika “linawashwa tena”, na useme kontena, kwa kuwa podi yenyewe hubaki ile ile na jina lake. Kinachopanda ni hesabu ya kuwashwa upya.

(“Imezimia” msiitupe. Programu ambayo ipo lakini haijibu kitu, hilo ndilo neno lake.)

Sentensi yako basi iwe: “Kontena la malipo lilizimwa na kerneli saa nane usiku baada ya kuvuka mpaka wa kumbukumbu.” Na kama saa hiyo ya usiku hujaiona sababu bado, andika “limezimika”, uweke nukta hapo, kisha urudi kuirekebisha ukishaisoma.