Nota za kale za Italia: ulizia karatasi kabla ya mtunzi

Walimu wenzangu wa kwaya wakitaka nota za kale za Italia huandika jina la mtunzi kwenye intaneti, wakachukua toleo la kwanza linalojitokeza. Mimi huanza na swali jingine: karatasi yenyewe iko wapi? Hilo hujibiwa bure na RISM, orodha ya kimataifa ya nota za kale iliyoanzishwa mwaka 1952. Kila maktaba ina kifupisho chake. I-Bc ni maktaba ya muziki ya Bologna, I-Tn ni maktaba ya taifa ya Torino. Chukua kifupisho na namba ya kitabu, kisha ingia kwenye tovuti ya maktaba husika.

Tovuti ya Bologna ndiko ninakokaa sana, kwa ajili ya hazina aliyoikusanya Padre Martini, mwalimu wa muziki wa huko, karne ya 18. Ila uwe macho. Nota za kwaya za karne ya 16 kwa kawaida hazikuchapwa sauti zote ukurasa mmoja. Kila sauti ina kijitabu chake: Cantus (soprano), Altus (alto), Tenor (tena), Bassus (besi). Hakikisha vyote vipo kabla hujashangilia, maana kuna seti zilizopotelewa na kimoja, na sauti ya tena isipokuwepo hakuna wimbo. Halafu Do ya katikati huhama: kwa soprano mara nyingi iko mstari wa kwanza kutoka chini, kwa alto wa tatu, kwa tena wa nne. Mistari ya kugawa mapigo hakuna. Mimi huzinakili sauti zote upya kwenye MuseScore, programu ya kuandikia nota, ndipo nawaandikia wanakwaya sol-fa. Inakula jioni nyingi, kwa hiyo usimwahidi paroko kwamba Pasaka mtaimba.

Torino ndiko uliko mwandiko wa mtunzi Vivaldi mwenyewe, ikiwemo Gloria RV 589 (RV ni namba ya orodha ya kazi zake). Ukikuta mistari mitupu, usidhani kuna kilichofutika: ala ikifuata sauti ya nyingine, hakujisumbua kuiandika tena. Mabuku yale 27 yaliingia maktabani kwa fedha za wafadhili wawili, Foà na Giordano, na makusanyo yote mawili yana majina ya watoto wao waliofariki wadogo, Mauro na Renzo. Kila nikiandika namba ya kitabu nawakumbuka.

Kwa opera, nenda hifadhi ya Ricordi, wachapishaji wa nota wa Milano, hasa kwa barua na michoro ya mavazi.

Kuimba kazi za watunzi hao wa kale hakuhitaji kibali. Kuchapa picha ya ukurasa kitabuni ni jambo jingine: iandikie maktaba kwanza, utaje namba ya kitabu na kurasa unazozitaka.