Fimbo ndefu ya pool kwa mtu wa mita 1.98

Kaka, kabla hujamlipa fundi akutengenezee fimbo ndefu kuliko ya kawaida, jipime kwanza. Inama mezani kama unapiga, ncha ya ngozi iuguse mpira mweupe, halafu mtu akuangalie kwa ubavuni. Kuanzia kiwiko hadi kiganja, mkono unatakiwa uning'inie wima. Kama ukikaa hivyo kiganja kinaishia kwenye kile kipande cha raba kilicho mwisho wa fimbo au kinashika hewa, basi kweli fimbo ya kawaida ya inchi 58 (kama sm 147) ni fupi kwako. Wengi wa kimo chako wanatosheka na 60 hadi 62. Kisheria huna shida: kanuni za kimataifa zinaweka urefu wa chini tu, inchi 40.

Sasa hizo inchi za ziada ziongezwe wapi? Nyuma, kwenye kitako. Ukirefusha kipande cha mbele, mti mwembamba wa mm 13 unazidi kuyumba na mpira unakukimbia. Ila kitako kikirefuka uzito nao unarudi nyuma, mbele panakuwa pepesi mno. Kwa hiyo usikubali fundi akuwekee mpingo eti unapendeza. Ule mti ni mzito hadi unazama majini! Mwambie akereze mninga mkavu, na bolti ya uzito iliyo ndani ya kitako aipunguze au aitoe.

Binafsi ningeanza na kirefusho cha kufunga kwa skrubu nyuma, inchi 3 au 4. Kikikukera, unakifungua.