Chipukizi ana 9-0: nitajuaje kama ni moto kweli?

SWALI: Kocha, pole na majukumu. Mimi ni mpenzi wa MMA (mapigano mchanganyiko: ngumi, mateke na mieleka), nina miaka mitatu hivi tangu nianze kufuatilia. Kuna kijana wa uzito wa bantam (kilo 61) ninayemkubali sana. Ana mapambano tisa, kashinda yote, na saba kati ya hayo kamaliza raundi ya kwanza. Sasa amepangiwa mkongwe wa miaka 34 aliyepoteza matatu kati ya mapambano yake matano ya mwisho. Kila ninayeongea naye anasema dogo anapita kirahisi, ila mimi moyo unasita na sijui kwa nini. Kitaalamu, mnaangalia nini kujua kama chipukizi ni wa kweli au kapambwa tu? Na pambano kama hili linasomwaje kabla halijapigwa?

JIBU: Mdogo wangu, unasita kwa sababu umeona ushindi mwingi lakini hujaona shida. Uko sahihi kusita. Nimekaa kona ya wapiganaji kwa miaka mingi, na nikiletewa video za chipukizi kitu cha kwanza ninachotafuta ni dakika aliyoteseka: kaangushwa, kachanika, pumzi imekata, mpango umegoma. Nikiipata, najua nina mtu wa kumsoma. Nisipoipata, pembeni ya jina lake naandika "bado", hata kama rekodi inang'aa.

Mchukue Raul Rosas Jr. Alipata mkataba wa UFC, shirika kubwa la MMA la Marekani, Septemba 2022 akiwa na miaka 17, kupitia Dana White's Contender Series, kipindi ambacho chipukizi hupigania mkataba huo. Desemba mwaka huohuo, ameshatimiza 18, akammaliza Jay Perrin raundi ya kwanza kwa kabali ya mgongoni. Sifa zikamiminika. Aprili 2023, kwenye UFC 287, akapewa Christian Rodriguez. Ukiipata raundi ya kwanza ya pambano lile irudie hata mara mbili. Dogo anaangusha, anapanda mgongoni, anatafuta shingo, anakosa, anabadilisha, anatafuta tena. Kila jaribio la kabali linakula nguvu za mikono, na Rodriguez pale chini hana papara: kidevu kaficha, anapigania viganja, anasubiri. Raundi ya pili mikono ya Rosas imekuwa mizito, anafuata miguu lakini haishikiki, na kuanzia hapo kazi ni ya Rodriguez mpaka majaji wanampa ushindi kwa kauli moja. Na si kwamba Rosas hakuwahi kwenda raundi tatu. Kwenye pambano lililompa mkataba, dhidi ya Mando Gutierrez, Rosas alikwenda zote tatu akashinda. Tofauti ilikuwa ubora wa mtu aliyekuwa chini yake. Baada ya hapo kijana amerudi na kushinda mapambano kadhaa, kwa hiyo simtaji kama mfano wa chipukizi feki. Namtaja kwa sababu usiku ule ndipo tulipoanza kumjua.

Francis Ngannou ni mfano mkubwa zaidi. Kabla ya kukutana na Stipe Miocic, bingwa wa uzito wa juu wakati huo, Januari 2018 alikuwa ameshinda mapambano sita mfululizo ndani ya UFC, na hakuna hata moja lililofika raundi ya tatu. Mwezi mmoja na nusu tu nyuma alikuwa amemlaza Alistair Overeem kwa ngumi moja ambayo mpaka leo inaoneshwa. Miocic akavuka dakika tano za kwanza, akaanza kumshika, kumwegemea kwenye wavu na kumwangusha, na akashinda kwa pointi 50-44 kwa majaji wote watatu. Miaka mitatu baadaye, Machi 2021, wakarudiana. Miocic alipokwenda kwenye miguu, Ngannou akatupa nyonga nyuma, akamlalia, akampiga hapohapo. Raundi ya pili akamzimisha na mkanda ukahama. Ukitazama mapambano hayo mawili kwa mpigo utaona kipaji kinavyokomaa kuliko nitakavyoweza kukueleza mimi. Ngumi ni ileile. Kilichoongezeka ni utulivu na nyonga.

Mimi mwenyewe nilijifunza hili kwa maumivu. Nilikuwa na kijana wa 6-0, wote kawamaliza ndani ya dakika mbili, na nilikuwa naamini kabisa yuko tayari. La saba tukapewa mtu mzima, mpigana mieleka, asiye na jina kubwa. Kijana wangu akampiga vizuri mwanzoni, yule bwana akayumba, hakuanguka. Kengele ilipolia nikaingia na kiti. Nilipomkabidhi chupa, vidole havikuikamata. Ikateleza ikaanguka mapajani. Mdomo wazi, macho yanatazama taa za juu. Nikamuuliza, "Umenisikia?" Akaitikia kwa kichwa, na nikajua hajanisikia hata neno. Kosa lilikuwa langu. Mazoezini nilikuwa namwacha ashinde kila siku kwa sababu inapendeza kutazama, sijawahi kumweka na mtu anayemkalia kifuani dakika nne huku amechoka. Alipoteza pambano hilo katika raundi ya tatu. Kuanzia hapo, kabla sijakubali pambano la kijana yeyote, lazima niwe nimemwona akichoka mazoezini na nijue anafanya nini akichoka.

Sasa tuje kwa kijana wako. Fungua rekodi yake Sherdog au Tapology, tovuti za rekodi za wapiganaji, halafu usiishie kwake. Bonyeza majina ya wale tisa mmoja mmoja. Angalia kila mmoja alikuwa na rekodi gani siku walipopigana, kwa sababu rekodi yake ya leo inaweza kukudanganya. Ukikuta watano au sita ni watu wa 1-7 (ushindi mmoja, vipigo saba) au 3-11, usimhukumu, maana ndivyo wapiganaji wengi wanavyolelewa mwanzoni na mimi hufanya hivyohivyo. Kinachonipa wasiwasi ni pale pambano la nane na la tisa bado linafanana na la pili. Mpanda ngazi anatakiwa awe anakutana na watu wanaopanda pia, angalau mmoja mwenye rekodi ya maana, angalau mpigana mieleka mmoja wa kweli, na angalau mtu mmoja anayetumia mkono wa kushoto.

Halafu chukua yale mawili ambayo hayakuisha raundi ya kwanza. Hayo ndiyo dhahabu yako. Mengine saba yaweke pembeni. Zima sauti, kwa sababu watangazaji watakuamulia cha kuona, kisha tazama miguu. Anapokosa ngumi nzito, miguu inarudi chini ya mabega au inabaki imepishana kama mtu aliyeteleza? Mpiganaji mchovu hujulikana miguuni kabla hajajulikana usoni.

Akiangushwa, hapo kaa usogelee kioo. Mtu aliyefundwa, mgongo ukigusa chini tu, hakai bapa. Anageukia ubavu, kiwiko na kiganja vinaingia kati yake na nyonga ya mwenzake kutengeneza nafasi, makalio yanajivuta nyuma kuelekea kwenye wavu. Akifika kwenye wavu anakaa, anapitisha mkono mmoja chini ya kwapa la mpinzani, mkono mwingine unasukuma kichwa, anapanda kidogokidogo hadi amesimama. Inachosha na haina shangwe, ila ndiyo inayookoa raundi. Ambaye hajafundwa anafanya moja kati ya mambo mawili: anageuka kifudifudi kwa haraka ya kusimama na kutoa mgongo, au anakumbatia kichwa cha mwenzake akitumaini kabali ya mbele huku anabanwa chini dakika nzima. Kama kijana wako anakumbatia kichwa, na huyo mkongwe anajua mieleka, moyo wako ulikuwa na haki ya kusita.

Hapo tunafika kwa mkongwe, ambaye watu wanamsoma vibaya kuliko dogo. Kupoteza matatu kati ya matano hakutoshi kumhukumu. Uliza kapoteza kwa nani na vipi. Mei 2025 Bo Nickal, bingwa mara tatu wa mieleka ya vyuo vikuu vya Marekani, aliingia na 7-0 kupigana na Reinier de Ridder. De Ridder alikuwa ameshapigwa mara mbili na Anatoly Malykhin huko ONE Championship, shirika la mapigano la Asia, na wengi walimwona kama daraja la Nickal kupita. Malykhin lakini ni jitu lililobeba hata mkanda wa uzito wa juu kabisa! De Ridder alimkabili Nickal bila woga wa kugaragazana, akamvutia kwenye kukabana kifua kwa kifua, raundi ya pili akamzamisha goti tumboni na pambano likasimamishwa. Kwa hiyo matatu ya huyo mzee, kama ni ya pointi dhidi ya watu walio kwenye orodha ya kumi bora, hayo yanamtangaza kuliko kumshusha. Ila kama amezimishwa mara mbili mfululizo, na hasa kwa ngumi ambazo zamani alikuwa anazila na kuendelea, basi kidevu kimeanza kumsaliti, na kwenye uzito wa kilo 61 hilo halijifichi. Uzito mdogo unategemea wepesi, na wepesi ndio huondoka mapema. Miaka 34 ya mtu wa uzito wa juu na miaka 34 ya mtu wa bantam si umri mmoja.

Kuhusu pambano lenyewe, soma masharti yake kabla hujasoma majina. Ni raundi tatu au tano? UFC huweka tano kwenye pambano kuu la usiku hata kama hakuna mkanda, na chipukizi ambaye hajawahi kupita dakika kumi anabadilika kabisa akijua kuna ishirini na tano. Kizimba ni kikubwa au kidogo? Kile kikubwa cha UFC kina kipenyo cha mita 9.1, kile kidogo kilichotumika miaka mingi kwenye ukumbi wake wa Apex ni mita 7.6, na hiyo mita moja na nusu ni nyumba nzima kwa mtu anayetegemea miguu kukimbia wavu. Mpigana mieleka anapenda kidogo.

Na pambano lilikubaliwa lini? Mtu aliyeitwa wiki mbili kabla kuziba pengo kwa kawaida analipia kwenye pumzi, ingawa Nate Diaz alimkaba Conor McGregor Machi 2016 baada ya kuitwa siku 11 tu kabla. Diaz alikuwa mtu wa triathloni, mapafu yake yalikuwa tayari mwaka mzima, usimfanye kanuni.

Siku ya mizani usikose kutazama. Kwa pambano lisilo la mkanda wanaruhusiwa kuzidi kidogo, karibu nusu kilo. Sitazami sana namba, natazama namna kijana anavyopanda mizani. Midomo imepasuka, mashavu yamezama, anashikwa mkono kushuka? Maji hayo hayarudi yote mwilini kwa siku moja, na ubongo uliokauka unazimika kirahisi. Hili si la kuchezea. Yang Jian Bing alifariki Desemba 2015 akipunguza uzito kwa ajili ya pambano, na ONE Championship ikabadilisha utaratibu wake, ikaanza kupima maji mwilini. Chipukizi wengi wanajikamua kwenda uzito ambao mwili wao wa miaka 19 uliukubali, kumbe wana 23 na mifupa imepanuka. Ukimwona hivyo mizani, hesabu zote nilizokupa juu zipunguze.

Jambo la mwisho, la majaji, kwa sababu utaandika umeibiwa. Kuangusha peke yake hakushindi raundi. Kinachohesabiwa kwanza ni madhara: ngumi na mateke yaliyofika kwa uzito, kabali iliyokaribia, kazi iliyofanyika pale chini. Ushambuliaji na kumiliki kizimba vinaangaliwa pale tu ya kwanza yakilingana. Mkongwe anaweza kumwangusha dogo mara nne, asimpige hata moja ya maana, akapoteza raundi kihalali.

Kwa hiyo usiku ukifika, raundi ya kwanza ifurahie tu. Dogo ana kasi, anaweza kummaliza mzee na mimi nitampigia makofi. Wakivuka hapo, weka macho kwenye kona ya dogo zile sekunde sitini. Je, anaketi mwenyewe au anaangukia kiti? Anamtazama kocha wake? Kisha dakika ya pili ya raundi ya pili, mzee akimsukuma kwenye wavu kwa mara ya kwanza, angalia huo mkono unaingia chini ya kwapa au unakumbatia kichwa. Ukiona umeingia chini ya kwapa, na dogo akatoka pale akarudi katikati akiwa amefunga mdomo anapumua kwa pua, niandikie siku hiyohiyo uniambie jina lake, nami nitaanza kumfuatilia pamoja nawe.