Kwa mwalimu mpya wa kitengo: anza na nauli kabla ya cherehani

Umepangiwa kitengo cha elimu maalumu, umeingia darasani ukakuta vijana wenye ndevu. Usishtuke. Katika shule zetu nyingi za msingi, mtoto mwenye ulemavu wa akili huandikishwa akiwa amechelewa, hupanda taratibu, na hana mtihani wa kumvusha kwenda sekondari. Anafika miaka 17, 18, 20, bado yupo. Halafu siku moja anaambiwa amemaliza. Anarudi nyumbani, na nyumbani hakuna aliyepanga kesho yake itakuwaje. Kazi yako iliyo kubwa kuliko zote iko kati ya siku hiyo na maisha yake ya utu uzima, na inatakiwa ianze miaka kadhaa kabla.

Ukiuliza afanyweje, wengi watakujibu: "Apelekwe ufundi." Ushauri huo una maana. Serikali ina vyuo vya ufundi kwa watu wenye ulemavu, kikiwemo cha Yombo, Dar es Salaam, na cha Sabasaba, Singida, na vyuo vya VETA navyo vinatakiwa kuwapokea. Lakini nimewaona vijana walioshona vizuri kabisa wakirudi kukaa uani, na cherehani haikuwa na kosa. Hawakuwahi kupanda daladala peke yao. Hawakuwahi kushika hela yao wenyewe. Tangu wazaliwe hawajaulizwa wanataka nini, kwa hiyo bosi akiwauliza swali wanamtazama mama. Kijana wa namna hiyo ukimpa ufundi bila kumpa hayo mengine, umempa kitu asichoweza kukitumia mbali na nyumbani kwao.

Kwa hiyo anza na mambo ya kila siku. Chukua kuchemsha chai. Ukikaa ukaiandika, utaona ina hatua nyingi kuliko ulivyodhani: kupima maji, kuwasha jiko, kuinjika sufuria, kungoja yachemke, kuweka majani, kuepua, kuchuja, kumimina, kutia sukari. Wengi wetu tukifundisha tunaanzia hatua ya kwanza. Kwa kijana anayekata tamaa upesi, anzia mwisho. Fanya wewe zote, yeye mwachie kutia sukari na kukoroga. Siku hiyo hiyo anakunywa chai aliyoimalizia mwenyewe. Akizoea, mwachie kumimina na kutia sukari. Kisha kuchuja, kumimina na kutia sukari. Unarudi nyuma hivyo hivyo mpaka siku anawasha jiko wewe ukiwa mlangoni. Uzuri wa njia hii ni kwamba kila somo linaisha kwa kazi iliyokamilika, na aliyeikamilisha ni yeye. Kufua shati, kutandika kitanda, kusonga ugali, vyote vinafundishika hivyo.

Na jifunze kunyamaza. Kijana akisimama katikati ya kazi, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla hujafanya lolote. Mara nyingi akili yake bado inatafuta, na ukimtajia jibu umemkatisha. Kumi zikipita hajaendelea, onyesha kwa macho. Ikishindikana, kwa kidole. Kisha neno moja. Mkono wako juu ya mkono wake uwe wa mwisho kabisa, na wiki zinavyokwenda uuondoe kwanza.

Kwenye hela, tumia hela halisi. Vikaratasi vilivyokatwa darasani havimfundishi mtu kununua, maana hakuna duka linalovipokea. Kijana asiyesoma tarakimu anaweza kutofautisha noti kwa rangi na picha: ya buluu yenye Mwalimu Nyerere ni 1,000, simba ni 2,000, faru ni 5,000, tembo ni 10,000. Akishindwa kabisa kuhesabu chenji, mfundishe kutembea na kiasi kamili, nauli ya kwenda mfuko wa kushoto, ya kurudi mfuko wa kulia. Huko nako ni kujitegemea. Asikuambie mtu kwamba mpaka ajue hesabu za darasa la nne ndipo aruhusiwe kwenda sokoni.

Safari nayo ina hatua zake. Dar es Salaam daladala zina mistari ya rangi ubavuni kulingana na njia, na rangi hiyo inamwokoa kijana asiyesoma kibao. Mara za kwanza kaeni kiti kimoja, wewe ukimtajia alama za njiani: msikiti, kituo cha mafuta, mbuyu. Kisha kaa nyuma yake, asitegemee uso wako. Kisha mwache apande, wewe umtangulie kumsubiri kituoni. Usisahau kuwasalimia watu wa pale kituoni: mama ntilie, vijana wa bodaboda, muuza vocha. Waambie huyu atakuwa anapita hapa kila asubuhi. Hao ndio watakaomwona siku akipotea, siyo mimi wala wewe. Mfukoni awe na kadi yenye namba ya simu ya nyumbani.

Kwa kijana asiyeona, simu ya batani ni mlango mkubwa. Kitufe cha 5 kina kinundu, na kuanzia hapo vidole vinajua vilipo. Kwenye M-Pesa anaweza kukariri kuanzia *150*00# hadi mwisho, hatua baada ya hatua, ingawa menyu ikibadilishwa mtakariri upya. Lililo muhimu zaidi ni namba ya siri. Nimesimama kwenye vibanda vya wakala nikamsikia kijana asiyeona akiitaja namba yake ya siri kwa sauti, foleni nzima ikisikia, na wakala akiiandika kama jambo la kawaida. Hakuwahi kuambiwa na mtu kwamba ile ni yake peke yake. Mwambie mapema, na mfanyieni mazoezi ya kukataa: "Nipe simu, nitaandika mwenyewe."

Hapa niingize suala la karatasi, kwa sababu ndiko wanakokwama wengi. Laini ya simu inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. NIDA anaipata akitimiza miaka 18, na huko watamuuliza cheti cha kuzaliwa. Watoto wengi wenye ulemavu hawana cheti, kwa sababu walipozaliwa familia ilikuwa inahangaika na hospitali, au waliona hakitamsaidia. Bila cheti NIDA inasumbua, bila NIDA hakuna laini kwa jina lake, bila laini mshahara wake wa kwanza unaingia kwenye simu ya shemeji. Pitia majalada ya darasa lako mwezi wa kwanza, umjue nani hana cheti, na umpeleke mzazi RITA, wanakotoa vyeti vya kuzaliwa, kijana akiwa na miaka 14, si 19.

Sasa mama. Mara nyingi ni mama, au bibi, maana baba wengine waliondoka zamani. Huyu mama amembeba mtoto mgongoni mpaka mgongo umeuma, amesikia maneno ya majirani, amelala hospitali. Ukimjia na habari za kumwacha mwanawe apande gari peke yake, atakuona huna huruma. Usimfundishe wala usimkemee. Msalimie, kaa, kunywa maji aliyokupa, kisha muulize anaogopa nini hasa. Karibu wote watakuambia jambo moja: nikifa, nani atamwangalia? Swali hilo ndilo lenu wote wawili. Mwombe kitu kimoja kidogo tu kwa wiki hiyo: kijana achague mwenyewe nguo ya kuvaa Jumapili, au aende duka la jirani na shilingi 500. Akirudi na chumvi na chenji, mama atakuomba mwenyewe hatua inayofuata.

Usikwepe habari za mwili. Msichana afundishwe hedhi kabla haijaja, kwa pedi au kitambaa halisi mkononi, na hatua zile zile za kutoka mwisho kwenda mwanzo. Wote wafundishwe majina ya viungo vyao, nani anaruhusiwa kuwagusa, na namna ya kusema hapana kwa sauti au kwa ishara. Wapo wasichana wanaochomwa sindano ya uzazi wa mpango bila kuambiwa ni ya nini, familia ikidhani imewalinda. Sindano ile haizuii ubakaji wala Virusi vya UKIMWI. Hufanya tu kitendo kisijulikane. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 12 kinamtambua mtu mwenye ulemavu kuwa na uwezo wa kisheria sawa na wengine. Anasaidiwa kuamua. Haamuliwi.

Kazi nitaisema kwa ufupi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Ijue, lakini usiingie nayo ofisini kama fimbo. Tembelea kwanza mahali pa kazi, uangalie kazi zinazorudiwa kila siku: kupanga chupa, kukunja mashuka, kuosha vyombo. Kisha mwambie mwajiri, "Kijana wangu hii anaiweza, na wiki za mwanzo nitakuwa naye." Ukitaka kuona inawezekana, Iringa kuna Neema Crafts, iliyoanza mwaka 2003 na vijana viziwi, na mgahawa wake unahudumiwa na viziwi, wateja wakijifunza ishara. Ikiwa ni biashara, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na mbili kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Soma mwenyewe majina ya kikundi, maana wapo wanaomtafuta kijana wako kwa ajili ya saini tu. Hakikisha anajua deni ni lake na hela iko wapi.

Kabla hajamaliza shule, ita kikao nyumbani: mama, kaka, dada, shangazi, na afisa ustawi wa jamii wa kata akipatikana. Kijana akae katikati, aanze yeye kusema anachotaka, kwa maneno, kwa picha au kwa mkalimani wa lugha ya alama. Andikeni ukurasa mmoja: anachoweza peke yake, anachohitaji kusaidiwa, dawa zake za kifafa na saa zake, anachokipenda, asichokipenda, nani atashika nini mama asipokuwepo. Nakala moja ibaki nyumbani, moja kwa afisa ustawi, moja kwako. Mwaka ukizunguka, rudi muisome tena naye, mfute aliyoyamudu na kuandika yanayofuata.